UZI: Mtoto yuko darasa la nne na hasomi. Namna ya kuendesha saa ya kusoma katika shule ya kijijini, kuanzia upimaji

Mshika Chaki

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa walimu wa shule ndogo za vijijini, kamati za shule, na vikundi vya wanakijiji wanaotaka watoto wa kaya maskini wapate elimu yenye maana. Tukifuta ada, watoto huja. Malawi ilifuta mwaka 1994, Uganda 1997, Kenya 2003, na kote huko madarasa yalifurika. Kazi ngumu huanza baada ya hapo. Tangu 2005 utafiti wa ASER nchini India, na tangu 2009 ule wa Uwezo katika Kenya, Tanzania na Uganda, wapimaji wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakimpa mtoto karatasi asome. Wamekuta watoto wengi waliokaa darasani miaka minne au mitano, na hadithi ya kiwango cha darasa la pili bado inawashinda.

Chanzo kinajulikana. Mwalimu anafuata muhtasari wa darasa la nne, mtoto alibaki kwenye silabi za darasa la kwanza, na kila wiki inayopita pengo linapanuka. Mtoto wa mwenye nafasi hudakwa na mzazi anayesoma au mwalimu wa jioni. Wa fukara hana wa kumdaka. Kwa hiyo ninachokipigania hapa ni kitu kimoja: saa moja na nusu kila siku ya shule ambamo mtoto anafundishwa pale alipofika, hata kama darasa lake limefika mbali zaidi. Madawati, chakula, vitabu na tableti nitavipima kwa swali hilohilo: vinaongeza au kulinda dakika ngapi za saa hiyo?

Tuanze na upimaji, maana hapo ndipo wengi huteleza.

Andaa karatasi moja yenye herufi 10, silabi 10, maneno 10 ya silabi mbilimbili, aya moja ya sentensi nne fupi, na hadithi ya sentensi nane hadi kumi. Tunga mwenyewe. Usinakili kitabu cha kiada, kwa sababu wapo watoto waliokariri ukurasa mzima na wanausoma macho yakiwa dirishani. Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka kwenye mwanga hafifu, na tengeneza matoleo mawili au matatu ili mtoto wa kumi asije akawa amesikia majibu ya tisa waliomtangulia.

Pima mtoto mmojammoja, pembeni, wenzake wasisikie. Anza na aya, si herufi. Akiisoma kwa mtiririko na makosa yasiyozidi matatu, mpe hadithi. Akiisoma nayo, ni wa kundi la hadithi, ikimshinda ni wa aya. Aya ikimshinda, mwambie achague maneno matano asome. Manne sahihi, ni wa neno. Yakimshinda nenda kwenye silabi kwa kanuni hiyohiyo, kisha herufi. Asiyefikisha herufi nne kati ya tano mwandike "mwanzo". Usimsaidie, usimsahihishe, usikunje uso. Mwisho mwambie asante, basi.

Kwa wastani weka dakika tano kwa mtoto. Watoto 40 ni dakika 200, kwa hiyo wapimaji wawili humaliza asubuhi moja. Andika jina, darasa, kiwango cha kusoma na kiwango cha hesabu kwenye karatasi moja tu. Fomu ya kurasa tatu haijazwi zaidi ya mara moja.

Mtoto anayekariri utamgundua hivi: ziba aya kwa karatasi, mwonyeshe neno moja la katikati. Akirudi kuanza mwanzo wa sentensi ili alifikie, hasomi, anaimba.

Mshika Chaki

Naendelea. Makundi na kipindi chenyewe.

Changanya darasa la tatu, la nne na la tano, kisha wagawe kwa kiwango. Mtoto wa la tano aliye kwenye silabi atakaa na wa la tatu aliye kwenye silabi. Kuna hofu kwamba wakubwa wataona haya. Haya huja pale kundi linapoitwa "la wazito". Yape makundi majina ya ndege au miti, na wahame mapema mara wanapopanda, hapo mtoto haoni aibu sana.

Kundi la mwanzo na silabi lisizidi watoto 20. La neno na aya linaweza kufika 30. La hadithi hata 35, kwa sababu wanaweza kufanya kazi wenyewe. Na hapa sikilizeni vizuri: mwalimu hodari kuliko wote aende kundi la chini kabisa. Kwa kawaida shule hufanya kinyume, kundi la chini hupewa kijana wa kujitolea aliyekuja wiki iliyopita, na baada ya mwezi watu husema mbinu haifanyi kazi.

Kwa kundi la silabi, dakika 60 za kusoma zinaweza kukaa hivi. Dakika 10 za mazungumzo juu ya picha au neno, kila mtoto aseme walau sentensi moja. Dakika 10 mwalimu anasoma aya fupi iliyoandikwa kwenye karatasi ya manila akifuatisha kwa kidole, kisha watoto wawiliwawili. Dakika 15 za chati ya silabi. Dakika 10 za kuunda maneno kwa kadi. Dakika 15 za kuandika kile walichosema mwanzoni, hata kama tahajia imepinda. Baada ya hapo dakika 30 za hesabu.

Chati ya silabi ya Kiswahili ina faida kubwa kwa sababu lugha yetu inasomeka kama ilivyoandikwa. Konsonanti 18 za herufi moja ukizizidisha kwa irabu tano unapata silabi 90. Usizimwage zote siku ya kwanza. Anza na m, k, t, l, b pamoja na a, e, i, o, u: silabi 25, na tayari mtoto anaweza kusoma kuku, bata, kiti, moto, meli, lima, kabila. Halafu s, n, p, d, h. Zikifuata ch, sh, ny, dh, th, gh na ng', kila moja ipewe siku yake. Mb, nd, nj, nz, kw, mw na wenzao huja mwisho, na hapo ndipo watoto wengi hukwama. Mtoto huweza kusoma "ma" na "ba" bila shida halafu akaona "mba" akanyamaza. Tenga siku tatu nzima kwa mb na nd peke yake.

Usiruhusu darasa zima kuimba "ba be bi bo bu" kwa dakika kumi na tano. Wakishaimba mara moja kwa mstari, ruka ovyo: onyesha "ki", kisha "mo", kisha "tu", na umtaje mtoto kwa jina. Kuimba kwa pamoja kunaficha walionyamaza.

Nuru ya Bonde

Asante Mwalimu kwa darasa. Swali langu ni la muda. Mwalimu wa darasa la nne ana azimio la kazi na andalio la somo, na mtihani uko mbele. Hiyo saa moja na nusu anaitoa wapi? Isingekuwa rahisi kuifanya jioni, vijana wa kijiji wakijitolea?

Msingi Imara

Dada Nuru, jioni imeshajaribiwa na matokeo yapo. Wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, shirika la Pratham liliandaa vijana wa kujitolea wakaendesha madarasa ya kusoma vijijini nje ya saa za shule, mwaka 2005 na 2006. Watoto waliohudhuria walipanda kweli. Tatizo ni kwamba waliohudhuria walikuwa sehemu ndogo sana ya waliohitaji. Mtoto wa kaya maskini jioni anachota maji, anarudisha mifugo au anabeba mdogo wake mgongoni. Anayekuja jioni kwa hiari mara nyingi si yule uliyemkusudia.

Ndani ya saa za shule nako kuna mtego wake. Jimbo la Bihar walimu wa serikali walipewa vifaa, wengine wakapewa na mafunzo, matokeo ya mwaka wa masomo hayakubadilika. Walimu haohao, mbinu hiyohiyo, kwenye kambi ya mwezi mmoja wakati wa likizo, watoto wakapanda. Uwezo walikuwa nao. Kilichowakwamisha ni kwamba kengele ya Jumatatu ikilia walirudi kwenye muhtasari, kwa sababu ndicho walichokuwa wakiulizwa na wakubwa wao.

Haryana, mwaka 2012 na 2013, walitengua fundo hilo. Siku ya shule iliongezwa saa moja, saa hiyo ikapewa jina lake kwenye ratiba, watoto wakapangwa kwa kiwango, na waratibu waliokagua walimu walitakiwa kwanza kufundisha wenyewe darasani kwa siku kadhaa. Kusoma kukapanda.

Kwa hiyo jibu la vitendo: saa iandikwe kwenye ratiba ya ukutani, iwe ileile kwa madarasa yote matatu ili walimu wote wawe huru kuchukua kundi, na mkuu wa shule asaini kwamba saa hiyo haifidiwi na somo lingine. Iwekwe asubuhi mapema. Ikiwekwa mwisho wa siku italiwa na vikao, michezo, mvua na mahafali.

Nuru ya Bonde

Na ikishindikana kabisa kuongeza saa?

Msingi Imara

Kambi. Siku 10 za shule mfululizo, saa tatu kwa siku, masomo mengine yakisimama kwa madarasa hayo. Kisha mapumziko ya wiki kadhaa, kisha siku 10 nyingine. Uttar Pradesh walifanya hivyo kwa jumla ya siku 50 ndani ya mwaka, wafanyakazi wa Pratham wakiongoza na vijana wa kijiji wakisaidia, na watoto walipanda sana. Siku ya kwanza ya kila kambi ni ya kupima, siku ya mwisho ni ya kupima. Katikati ya kambi na kambi, wape watoto karatasi za kusoma nyumbani, la sivyo silabi zinayeyuka.

Hofu ya mtihani naielewa, lakini fikirini: mtoto asiyesoma swali la sayansi amepoteza somo la sayansi hata kama mwalimu alilimaliza hadi ukurasa wa mwisho.

Hesabu za Vijiti

Niongezee upande wa hesabu, naona umepewa dakika 30 na sentensi moja.

Upimaji wake ni huu: namba 1 hadi 9, namba 10 hadi 99, kutoa kwa kufungua kumi, kugawanya. Kosa utakaloliona mara nyingi zaidi ni 52 − 27 = 35. Mtoto ameona 2 na 7, akatoa kidogo kwenye kikubwa akapata 5. Amekuwa akifanya hivyo kwa mwaka mzima na kupigiwa mkasi bila kuelezwa. Kumpa maswali 20 zaidi ya aina hiyo ni kumkomaza kwenye kosa.

Dawa ni vijiti. Kila jozi ya watoto ipate mafungu 8 ya kumikumi na vijiti 20 vya mojamoja, jumla 100. Watoto 20 ni jozi 10, yaani vijiti 1,000. Watoto wenyewe huvikusanya kwa siku mbili. Fungia kwa nyuzi za magome au mpira wa baiskeli uliokatwa. Swali la 52 − 27 linafanywa hivi: weka mafungu 5 na vijiti 2. Unahitaji kutoa 7, hakuna, fungua fungu moja. Sasa una mafungu 4 na vijiti 12. Toa vijiti 7, vinabaki 5. Toa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu 25. Mtoto akishika kwa mkono mara sita au saba, mwandikie hatua hizohizo daftarini pembeni ya vijiti, na siku chache baadaye ondoa vijiti.

Pale panapoharibika: mwalimu anashika vijiti mwenyewe mbele na watoto 40 wanatazama. Au vijiti vinafungiwa kabatini "visiharibike". Vijiti vikipotea vitaokotwa vingine, vyote ni bure.

Jambo jingine, mtoto anaweza kuwa juu kwenye kusoma na chini kwenye hesabu. Makundi ya hesabu yapangwe upya, usiyaburute yale ya kusoma.

Mlezi wa Wengi

Heshima kwenu wote. Naona mmeanzia mlangoni mwa darasa. Kwetu sisi tunaofuatilia utoro, swali ni mtoto kufika mlangoni hapo. Umbali mmeuruka.

Msingi Imara

Umesema kweli, Mlezi. Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya umbali unatoka mkoa wa Ghor nchini Afghanistan, mwaka 2007. Vijiji 31 vilihusishwa, baadhi vikapewa shule ndogo ya kijiji: chumba kilichopo, mwalimu mwenye elimu kutoka karibu, vifaa. Uandikishaji ulipanda kwa pointi 42 za asilimia, na pengo kati ya wasichana na wavulana likakaribia kufutika. Walivyokokotoa, kila maili moja ya kutembea, yaani kilomita 1.6, inapunguza uandikishaji kwa pointi kama 16, na wasichana hupungua zaidi.

Maana yake kwa mpangaji: shule moja kubwa yenye vyumba kumi katikati ya vijiji vitano huvutia macho siku ya uzinduzi, lakini watoto wa vijiji vya pembeni watabaki nyumbani. Kwa darasa la kwanza hadi la tatu, chumba kimoja cha kuazima ndani ya kijiji kinawafaa kuliko jengo zuri lililo kilomita tano. Shirika la BRAC nchini Bangladesh walianza hivyo mwaka 1985 na shule 22: chumba kimoja, watoto kama 30, mwalimu mmoja, mara nyingi mwanamke wa hapohapo kijijini, na saa za masomo zilizopangwa kwa kuangalia kazi za nyumbani za watoto.

Daraja la Mto

Chumba kimoja na mwalimu mmoja maana yake ni madarasa mseto, yaani watoto wa madarasa tofauti wakifundishwa pamoja, na hapo walimu wengi huishiwa nguvu. Niweke utaratibu.

Gawa kipindi cha dakika 40 mara mbili. Dakika 20 kundi A liko na mwalimu, kundi B lina kazi isiyomhitaji mwalimu, kisha wanabadilishana. Siri yote iko kwenye hiyo kazi ya kundi B. Ikiwa ni "nakili ubaoni", baada ya dakika sita wameanza kugombana. Kazi inayoshika watoto dakika 20 ina sifa hizi: inafanywa na watu wawili, ina jibu la kujisahihisha nyuma ya kadi, na inamalizika kwa kitu cha kuonyesha. Kwa mfano kadi 20 za neno na picha za kuoanisha, kisha kuandika sentensi tano kwa maneno waliyooanisha.

Colombia waliijenga elimu yao ya vijijini juu ya msingi huu tangu miaka ya 1970 kwa mpango wa Escuela Nueva. Mtoto ana mwongozo wa kujifunzia unaomwambia hatua kwa hatua afanye nini, peke yake, na mwenzake, na mwalimu, na anaendelea kwa kasi yake. Akikosa shule wiki mbili za mavuno anarudi pale alipoishia, harudii mwaka. Kwa watoto wa wakulima hilo lina uzito sana, maana kurudia mwaka ndiko mwanzo wa mdondoko.

Mambo ya chumba: ubao pande mbili za ukuta zinazotazamana, makundi yakipeana mgongo. Chati zining'inizwe kwenye kamba usawa wa macho ya mtoto. Kila kundi liwe na kiongozi wa wiki anayegawa na kukusanya vifaa, ili mwalimu asipoteze dakika tano kila anapobadili.

Mlezi wa Wengi

Nashukuru. Sasa chakula, minyoo na baiskeli.

Minyoo: wilaya ya Busia nchini Kenya, dawa za minyoo zilipotolewa shuleni kuanzia 1998, utoro ulipungua kwa kama robo. Hata shule jirani zisizopewa dawa zilinufaika kwa sababu maambukizi yalishuka eneo zima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kutoa dawa mara moja kwa mwaka pale maambukizi yanapofika asilimia 20, na mara mbili yanapopita 50. Kwa watoto wa shule ni albendazole miligramu 400 au mebendazole miligramu 500, dozi moja. Kazi hii ifanywe na wahudumu wa afya wa eneo kwa ratiba yao. Shule inachangia orodha ya majina, maji safi, na kuwatafuta watoto waliobaki nyumbani, maana wasioandikishwa ndio husahaulika. Watoto wadogo watafune kidonge, wasilazimishwe kumeza kizima.

Chakula: kikigawiwa mchana hutoweka saa mbili za masomo kama mpishi ni mmoja na foleni ni moja. Uji wa asubuhi kabla ya saa ya kusoma hufanya kazi mbili: unavuta mtoto afike mapema, na anasoma akiwa na kitu tumboni. Kuni na maji viandaliwe na wazazi kwa zamu. Wanafunzi wasitolewe darasani kuchota.

Wasichana wakubwa: Bihar mwaka 2006 serikali ilianza kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za baiskeli. Uandikishaji wao sekondari ulipanda kwa karibu theluthi, na athari ilikuwa kubwa zaidi vijiji vilivyo kilomita tatu au zaidi kutoka shule. Mkiiga, msisahau vipuri. Baiskeli hukwama kwa tairi, tyubu, breki na mnyororo. Bila pampu na viraka shuleni na mtu mmoja aliyefundishwa kuziba, baada ya msimu mmoja nusu ya baiskeli zimelala ukutani.

Na michango. Shule isiyo na ada lakini yenye sare, karatasi za mtihani na mchango wa mlinzi bado inamfukuza mtoto maskini, kwa upole tu. Utafiti wa Kenya uliowapa wanafunzi sare bure ulipunguza mdondoko. Kamati ikitaka kuanza na hatua isiyo na gharama, itangaze kwamba asiye na sare haingii kwenye orodha ya kurudishwa nyumbani.

Nuru ya Bonde

Wafadhili wanaotujia wanapenda kuleta vitabu au tableti. Tuwaambie nini?

Mshika Chaki

Vitabu kwanza. Kenya vitabu vya kiada viligawiwa shule za vijijini na alama za watoto wengi hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa juu tayari. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na viliandikwa kwa kiwango kilichowapita. Kwa hiyo mwambieni mfadhili: tunaomba vitabu vyembamba vya kurasa 8 hadi 16, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, vya viwango vinne. Kwa kundi la watoto 30, vijitabu 60 vya majina tofauti vina faida kuliko nakala 60 za kitabu kimoja, kwa sababu mtoto hubadilisha kila siku mbili. Viwekwe kwenye sanduku lililo wazi darasani. Daftari la kuazima liwe na safu nne tu: tarehe, jina, namba ya kitabu, kimerudi. Vitabu kadhaa vitachanika na vingine vitapotea, hiyo ni dalili kwamba vinasomwa. Mwalimu akiadhibiwa kwa kitabu kilichopotea, kesho sanduku litafungwa kufuli.

Tableti: Peru waligawa kompyuta mpakato nyingi kwa watoto wa shule za vijijini, na alama za hesabu na lugha hazikupanda. Kifaa bila mpango wa kufundisha hakimfundishi mtoto. Ikibidi kupokea, ulizeni nani atachaji, kwa umeme upi, programu inafanya kazi bila intaneti, na kioo kikipasuka nani anatengeneza. Pasipokuwa na majibu hayo manne, ombeni karatasi za manila, kalamu za wino mzito na vijitabu.

Simu ya kawaida, ile ya vitufe, ina nafasi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Botswana shule zilipofungwa mwaka 2020, mwalimu alimpigia mzazi mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20, spika ikiwa wazi, mtoto akafanya swali moja au mawili ya kiwango chake, na ujumbe mfupi ulitangulia ukiwa na swali la wiki. Watoto walipanda. Ujumbe peke yake bila kupiga haukusaidia sana. Kwa kijiji kinachokatwa na mafuriko kila masika, utaratibu huu unafaa kuandaliwa mapema: orodha ya namba, nani anampigia nani, na maswali ya wiki sita yaliyokwisha kuandikwa.

Daraja la Mto

Mwalimu, kuna suala la lugha ya nyumbani. Sehemu nyingine mtoto anaanza shule hajui Kiswahili kabisa.

Mshika Chaki

Kwa huyo, upimaji ufanyike kwa lugha zote mbili. Mtoto akisoma "kiti" vizuri na hajui ni kitu gani, tatizo lake si silabi, ni msamiati, na umweke kwenye kundi la neno akiwa na dakika za mazungumzo zilizorefushwa, 20 badala ya 10. Mazungumzo yaanze kwa lugha ya nyumbani, kisha maneno matano ya Kiswahili kwa siku, yenye vitu vya kushika. Kama mwalimu hajui lugha ya kijiji, mama au kijana mmoja wa hapo akae naye muhula wa kwanza. Kumwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya kwao kunamfunga mdomo, na mtoto aliyefungwa mdomo huwezi kumfundisha kusoma.

Nuru ya Bonde

Swali la mwisho kwangu. Tukipima tena tukakuta wapo wasiosogea kabisa, tufanyeje? Na ufuatiliaji ufanywe na nani?

Msingi Imara

Kupima tena ni baada ya siku 10 hadi 15 za vipindi. Tarajieni wengi wa kundi la herufi na silabi kupanda ngazi moja. Anayepanda ahame kesho yake, asingojee muhula uishe.

Asiyesogea kwa awamu mbili, anza na daftari la mahudhurio. Akiwa amekosa zaidi ya theluthi ya siku, tembelea nyumba yao. Akiwa amehudhuria, pima macho na masikio kwa njia nyepesi: simama mita 6 mbele yake na kadi yenye herufi E kubwa iliyogeuzwa pande nne, aonyeshe kwa mkono inaelekea wapi, jicho mojamoja. Kwa masikio, simama nyuma yake hatua mbili, sema maneno matano kwa sauti ya chini ayarudie. Akishindwa, apelekwe kituo cha afya, na kuanzia siku hiyo akae mbele, mita mbili kutoka ubaoni, upande wenye mwanga. Akiwa mzima pande zote, mpe dakika 10 za peke yake kila siku na mtoto wa kundi la hadithi, mwalimu akisikiliza kila siku ya tatu.

Mfuatiliaji awe mtu mmoja, ajulikane, aje kila wiki bila kutangaza siku. Akifika asianze ofisini kwenye daftari la wageni. Aingie darasani, achague watoto watano kutoka kundi la chini, awasikilize wakisoma, kisha akae na mwalimu dakika 15 juu ya hao watano. Ukutani pawe na karatasi moja tu: safu za mwanzo, herufi, silabi, neno, aya, hadithi, na idadi ya watoto katika kila safu kwa kila tarehe ya upimaji. Bila majina, mtoto asiaibike. Kikao cha wazazi kifanyike mbele ya karatasi hiyo, na kwa wazazi wasiosoma, chora mtoto mmoja kwa kila alama.

Waliofika hadithi wasiachwe wakirudia hadithi zilezile. Wape kurasa za sayansi na maarifa ya jamii za darasa lao, ukurasa mmoja kwa siku: wasome kimya, waandike maswali mawili, wamuulize mwenzao. Wapo watakaokwama kwenye maneno marefu kama "yanayosafirishwa". Wafundishe kuyakata: ya-na-yo-safirishwa, kisha safiri-shwa.